Je, wajua kwa nini goti hutazama mbele ilhali kiwiko hutazama nyuma?

Kaa mkekani, kunja miguu, kisha kutanisha nyayo zako kama mtu anayetaka kupiga makofi kwa miguu. Magoti yameelekea nje, moja huku na jingine kule, na vidole gumba vya miguu viko juu. Ndivyo miguu yako ilivyokaa ulipokuwa na wiki kama sita tumboni, mwili mzima ukiwa na urefu wa sentimita moja na kidogo. Sasa simama. Magoti yamekuja mbele, vidole gumba vimeingia upande wa ndani. Mzunguko huo ulikuchukua sekunde mbili. Tumboni ulikuchukua takriban wiki mbili.

Miguu huanza kama machipukizi mawili madogo ubavuni mwa kiinitete, mwishoni mwa wiki ya nne tangu mimba kutungwa. (Kliniki huhesabu tangu hedhi ya mwisho, kwa hiyo kadi ya mama itasoma wiki sita.) Wakati huo kiinitete kizima ni kama punje ya mchele. Machipukizi ya mikono hutangulia, ya miguu hufuata siku moja au mbili baadaye, na mikono itaendelea kuongoza hivyo mpaka umbo likamilike.

Kwenye ncha ya kila chipukizi kuna ukingo mwembamba wa ngozi, na huo ndio msimamizi wa ujenzi. Mwaka 1948 Mmarekani John Saunders aliukata ukingo huo kwenye viinitete vya kuku. Alipoukata mapema, bawa liliishia karibu na bega. Alipochelewa, kilichokosekana ni ncha tu. Maana yake ni kwamba kiungo hujengwa kuanzia shinani kwenda nje: paja kwanza, muundi baadaye, nyayo na vidole mwisho. Na chipukizi litajuaje kwamba ni mguu, si mkono? Kuna jeni iitwayo PITX1 ambayo huwaka kwenye machipukizi ya miguu peke yake. Mwaka 1999 watafiti waliiwasha mahali isipostahili, kwenye chipukizi la bawa la kuku, na bawa likaanza kuchukua sura ya mguu.

Siku hizo ni chache na hazina nafasi ya pili. Thalidomide, dawa ya usingizi na kichefuchefu iliyouzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 hadi 1961, iliharibu viungo vya watoto wapatao 10,000 duniani, na dirisha la hatari lilikuwa takriban siku ya 20 hadi ya 36. Wanawake wengi katika siku hizo ndiyo kwanza wanaanza kujiuliza kama wana mimba.

Kufikia wiki ya sita mguu ni kasia. Ndani yake kuna gegedu laini linalochora ramani ya mifupa, na vidole vitano vimeunganishwa na ngozi. Kisha seli zilizo kati ya vidole hufa kwa mpango na vidole huachana. Bata naye angekuwa na vidole vilivyoachana kama kuku, ila kwenye mguu wake kifo hicho huzuiwa, ndiyo maana anaogelea.

Hapo ndipo viungo huzunguka. Kati ya wiki ya sita na ya nane mkono hugeuka kuelekea nje kwa takriban nyuzi 90, kiwiko kikaelekea nyuma. Mguu hugeuka kiasi kama hicho, lakini kuelekea ndani, goti likaja mbele. Kiswahili kinaita vyote viwili vidole gumba, cha mkono na cha mguu, na kiko sahihi kuliko kinavyojua: vyote huanza upande wa kichwa wa chipukizi, kisha mizunguko miwili inayopingana hukiacha kimoja nje na kingine ndani.

Kwa nini kuzunguka? Mtazame kenge. Mapaja yake hutoka ubavuni, tumbo linakaribia kuburuta chini. Mababu wa mamalia nao walitembea wametanua miguu hivyo. Ili kuiweka miguu chini ya kiwiliwili ibebe uzito, ilibidi viwiko virudi nyuma na magoti yaje mbele. Mbuzi naye yuko hivyo hivyo. Kile tunachodhani ni goti lake la nyuma lililopinda vibaya ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na linatazama mbele kama lako.

Alama za mzunguko huo bado ziko ngozini. Eneo linalohudumiwa na kila neva ya kiunoni halikushuka wima, limejizungusha kama kamba inayosokotwa. Neva ya nne, kwa mfano, hupita mbele ya paja, huvuka goti, kisha huteremka upande wa ndani wa muundi. Ndiyo maana mtu mwenye diski (kile kito cha kati ya pingili za uti wa mgongo) iliyobana neva hulalamika kwamba maumivu "yanazunguka" mguu, na daktari akisikia njia yake huweza kukisia ni neva ipi.

Mguu hauachi kujinyoosha hata baada ya kuzaliwa. Mfupa wa paja la mtoto mchanga umejisokota kwa nyuzi 30 hadi 40, na ukubwani hubaki kama 15. Matege ya mtoto anayeanza kutembea mara nyingi hunyooka yenyewe akikaribia miaka miwili, na bibi aliyekuwa akimkanda miguu kila jioni ndiye hupewa sifa. Yakizidi baada ya hapo, au mguu mmoja ukipinda kuliko mwenzake, mpelekeni hospitali, maana huenda ni matege ya mifupa iliyokosa vitamini D, na hayo hayanyooki kwa kukandwa.