Je, wajua kwa nini siki peke yake haisafishi mashine ya espresso?

Muulize mwenye mashine ya espresso nyumbani anaisafishaje, na mara nyingi jibu ni moja: anatia siki kwenye tangi, anaiwasha, basi. Maji yatatoka kwa kasi kama zamani, lakini kikombe kitabaki na ule uchungu mkavu unaong'ang'ania kooni, na lawama zitaiangukia kahawa. Mashine hii hushika uchafu wa aina mbili, na dawa ya mmoja haiugusi mwingine.

Wa kwanza ni mafuta. Punje ya Arabika, iwe ya Kilimanjaro au ya Nyeri, ina mafuta yanayokaribia asilimia 15 ya uzito wake. Robusta, kama ile ya Bukoba, ina asilimia 10 hivi. Ukichuja kahawa kwa karatasi, sehemu kubwa ya mafuta hayo hunaswa. Espresso haina karatasi. Maji ya nyuzijoto 90 na ushei husukumwa kwa mgandamizo wa takriban bar 9, na kinachozuia unga ni chuma chenye matundu tu.

Sasa, kama maji yanashuka, mafuta yanafikaje juu ndani ya mashine? Mashine nyingi nzuri zina vali ya njia tatu. Ukizima pampu, vali hufungua njia ya kupunguzia mgandamizo, na maji yaliyobaki juu ya kahawa hurudi nyuma yakibeba mafuta na chembe, kisha humwagikia kwenye trei. Ndiyo ile "pshh" unayoisikia. Kila kikombe huacha kidogo njiani. Fungua skrubu ya kisahani chenye matundu kinachonyunyizia maji, pitisha kidole upande wa nyuma: utakuta utando mweusi unaonata, wenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Huo ndio ladha yako ya asubuhi.

Siki ni asidi, na asidi haina habari na mafuta. Mafuta hutaka kinyume chake, yaani alikali, inayoyavunja na kuyageuza kitu kinachokubali kuoshwa na maji. Ndiyo maana unga wa kusafishia mashine hizi huwa na kabonati ya sodiamu, jamaa wa karibu wa yale magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya. (Magadi ya kupikia maharage yaache jikoni, yana mchanga na mengine mengi.)

Kazi yenyewe ni kuisukutua mashine. Weka kwenye mpini unaoshika chujio la kahawa chujio lisilo na matundu, tia unga nusu kijiko cha chai, washa pampu sekunde kumi, zima. Maji yenye dawa yakikosa pa kushukia, hurudi kwa njia ileile ya mafuta. Rudia mara tano hivi, uone trei ikijaa maji ya rangi ya chai ya mkandaa. Kisha rudia kwa maji matupu mpaka yatoke meupe. Mashine isiyotoa ile "pshh" usiisukutue kabisa: mgandamizo hauna pa kutokea, na mpini unaweza kufyatuka na maji ya moto. Hiyo fungua kisahani, ukiloweke pamoja na chujio kwenye maji moto yenye unga. Vyuma vya alumini visilowekwe, vitakuwa vyeusi.

Uchafu wa pili ni chokaa, na hapa siki ina kazi. Maji ya mvua hubeba kaboni dioksaidi, yakipita kwenye mwamba wa chokaa huuyeyusha kidogokidogo. Mombasa na Unguja zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyake yanajulikana kwa hilo. Tazama tu magamba meupe kwenye birika la umeme. Maji hayo yakichemshwa, gesi hutoroka na chokaa hurudi kuwa jiwe, na hushikilia kwanza pale penye joto kali, kwenye koili ya boila, yaani chombo cha kupashia maji moto. Chokaa hupitisha joto vibaya, hivyo koili huungua kwa kazi ya bure, na vijitundu huziba.

Siki huiyeyusha, lakini harufu yake haitoki upesi. Asidi ya sitriki, gramu 20 kwa lita, hufanya kazi ileile bila kunuka. Soma kwanza kijitabu cha mashine, hasa kama boila ni ya alumini, maana asidi huila.

Wengine hukimbilia maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa madini, ili wasahau chokaa. Kahawa hupwaya, na tatizo lingine hujitokeza: baadhi ya mashine hupima kimo cha maji kwenye boila kwa kupitisha umeme ndani yake. Maji yasiyo na madini hayapitishi umeme vya kutosha, kwa hiyo mashine hudhani boila ni tupu na kuendelea kulijaza.