"Mwisho Tunaujua": Dhana Potofu Kuhusu Hadithi Tangulizi za Gemu za Mashujaa

Katika chumba changu cha gemu hapa Kihesa, Iringa, ambako jioni vijana huja kucheza na Jumamosi asubuhi hukaa na wale wanaojifunza kuandika hadithi za gemu na katuni, kuna sentensi moja niliyoisikia mara nyingi mno hata nimeamua kuijibu kwa maandishi: "Mwalimu, hadithi tangulizi haina taharuki, kwa sababu mwisho tunaujua." Hadithi tangulizi ni ile inayotoka baadaye lakini inasimulia yaliyotokea kabla ya hadithi tuliyokwisha kuijua. Wiki iliyopita niliisikia mara tatu, na mara ya mwisho ilitoka kwa kijana aliyekuwa ameniletea mswada mzuri wa hadithi ya aina hiyo, naye alitaka kuutupa kwa sababu hiyo tu.

Mfano wanaoupenda ni Batman: Arkham Origins ya mwaka 2013. Gemu hiyo ilitoka baada ya Arkham Asylum ya 2009 na Arkham City ya 2011, lakini matukio yake yanazitangulia zote mbili. Ni mkesha wa Krismasi, Batman yuko katika mwaka wake wa pili wa kazi, na wauaji wanane wameahidiwa dola milioni 50 kwa atakayemuua kabla ya usiku huo kwisha. Vijana husema kwamba Batman hafi, Joker adui yake mkuu hafi, Gordon rafiki yake wa polisi hafi, kwa kuwa wote wamo katika gemu zile mbili, basi kilichobaki cha kumweka mtu kwenye kiti ni kipi?

Wanachanganya fumbo na taharuki. Fumbo likishateguliwa limekwisha, ilhali taharuki inaweza kuzaliwa upya kila tunapotaka kujua jambo tunalolijua lilifikiwaje na lilimgharimu nani. Sisi wa Iringa hatuna udhuru wa kulisahau hilo. Kila mtoto aliyepelekwa kwenye makumbusho ya Kalenga anajua kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, kwamba alijipiga risasi mwaka 1898, na kwamba fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954. Hata hivyo, mzee anapoanza kusimulia jinsi wapiganaji walivyojificha wakiusubiri msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, sijaona msikilizaji akinyanyuka na kuaga eti habari anayo. Watu husogeza viti karibu.

Zaidi ya hayo, kuujua mwisho ndiko kunakompa mwandishi wa hadithi tangulizi nyenzo ambayo mwandishi wa hadithi ya kawaida hana, nayo ni kinaya, yaani mchezaji kujua jambo asilolijua mhusika. Katika Arkham Origins kuna mahojiano ya gerezani kati ya Joker na daktari kijana, Harleen Quinzel. Joker anaeleza kwa hisia nzito jinsi alivyokutana na mtu aliyemgusa moyo. Anamzungumzia Batman, lakini daktari anadhani anazungumziwa yeye. Mchezaji mgeni ataona mazungumzo tu. Mchezaji aliyemaliza gemu ya 2009, na kumwona daktari huyohuyo, sasa akiitwa Harley Quinn, akimtumikia Joker ndani ya Arkham, hospitali ya wahalifu wenye wazimu, anamtazama mwanamke akitumbukia shimoni huku yeye hana kitufe cha kumzuia. Hapo anayeujua mwisho ndiye anayeumia zaidi.

Mfano wa pili ni mkali kuliko huo. Gemu ya Infamous Second Son ilitoka Machi 2014, na ndani yake Fetch, msichana mwenye nguvu za neoni, anakiri kwamba alimuua kaka yake kwa mikono yake mwenyewe. Miezi michache baadaye, Agosti mwaka huohuo, ikaja Infamous First Light, ambayo inaturudisha nyuma na kumfanya mchezaji awe Fetch huyohuyo, tena akiwa katika pilikapilika za kumtafuta na kumwokoa kaka huyo, Brent. Kila misheni unayoifaulu inakusogeza karibu na kifo unachokijua. Ingekuwa taharuki ni kutojua, gemu hiyo isingechezeka hata kwa nusu saa.

Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki. Jioni moja ya Julai, baridi ikiwa imetufanya tufunge mlango, mwanachuo mmoja alikuwa akicheza sehemu ya Arkham Origins ambayo Bane, mmoja wa wale wauaji wanane, amelivamia pango la Batman na kumwacha Alfred, mtumishi aliyemlea Batman, chini ya vifusi. "Huyu hafi," aliniambia bila kugeuka, "tunaongea naye kwenye Arkham City." Alisema kweli. Lakini Batman alipouweka mkono wenye glavu za umeme kifuani mwa Alfred, kijana huyo alikuwa tayari amesimama, waya wa pedi umevutika hadi mwisho, na aliyekaa jirani yake alikuwa ameacha kutafuna karanga. Nilimwuliza baadaye alikuwa akiogopa nini. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba aliogopa kwa sababu Batman aliogopa. Ningependa kila anayekuja na ile sentensi alibebe jibu hilo.

Ushauri wangu kwa waandishi, ambao nimeurudia hadi wanaucheka, ni kwamba waandike kwenye karatasi mambo kumi ambayo mchezaji anayajua tayari, waibandike ukutani, kisha wahakikishe kila tukio kubwa linaligusa mojawapo na kulifanya liwe zito kuliko lilivyokuwa. Tukio lisilogusa lolote liondolewe, hata kama mapigano yake ni matamu.

Dhana nyingine zina majibu mafupi. Wapo wanaosisitiza kwamba ni lazima uanze na hadithi tangulizi kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwa kalenda ya matukio. Hapana, fuata mpangilio wa kutoka kwa gemu, kwa maana yule Dk. Quinzel aliandikwa kwa ajili ya mtu anayemjua tayari. Wapo wanaoiita hadithi tangulizi kisengere nyuma kirefu, yaani kule kurudi kwenye yaliyopita katikati ya hadithi. Lakini kisengere nyuma hukatiza hadithi na kuirudia, ilhali hadithi tangulizi inasimama kwa miguu yake, ina mwanzo wake na kilele chake. Na wapo wanaosema kwamba kwa kuwa Roger Craig Smith ndiye aliyemtolea Batman sauti badala ya Kevin Conroy wa gemu zile mbili, basi huyo si Batman yuleyule. Ni yuleyule akiwa kijana mwenye hasira, na sauti imechaguliwa kuendana na umri.

Kuhusu Black Mask, jambazi anayedhaniwa kuwa ndiye aliyewakodi wauaji hadi inapogundulika kwamba ni Joker aliyejifanya yeye, malalamiko kwamba Joker amechukua nafasi yake yana haki kidogo, kwa sababu mhusika mzuri alisukumwa pembeni mapema mno. Hata hivyo, hadithi tangulizi ya Batman isiyotuonyesha siku alipokutana na Joker ingekuwa imekwepa deni lake kubwa kuliko yote.

Inabaki hoja ya vifaa, ambayo huletwa kwangu kama ushahidi wa uzembe: zile glavu za umeme, ambazo Batman alizichukua kwa Electrocutioner, mwingine wa wale wauaji, zina nguvu mno, mbona hazionekani katika Arkham Asylum? Mkataba wa gemu ni kwamba kila toleo jipya limpe mchezaji kitu kipya mkononi, na mchezaji huukubali mkataba huo tangu anapowasha mashine. La kuuliza ni kama kifaa kinafanya kazi ndani ya ploti, na glavu hizo ndizo zinazomrudishia Alfred uhai. Pale ambapo mgongano ungeivunja hadithi kweli, waandishi hawakulala. Bane anagundua Batman ni nani hasa, jambo ambalo lingeivuruga gemu ya 2009. Basi wakamfanya ajidunge dawa ya TN-1, ambayo tumeshadokezwa mapema kwamba huharibu kumbukumbu, na siri ikapotelea ndani ya kichwa chake.