Je, wajua? Ile B kwenye gia ya haibridi si B ya betri

Tazama gia ya Toyota Aqua au Prius, magari ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme: P, R, N, D, halafu B. Madereva wengi waliotoka kwenye magari ya kawaida husadiki kwamba B ni betri, na kwamba ukiiweka kwenye mteremko chaji inajaa upesi. Si ajabu kudhani hivyo. Gari linajizuia, injini inanguruma, mtu anasema moyoni: umeme huo unaingia.

Kumbe unamwagika. B ni breki ya injini. Ukiiweka, mota moja inaizungusha injini isiyochomwa petroli, nayo inabaki kusukuma hewa tu. Kazi hiyo inakula sehemu ya nguvu ambayo ingekwenda kwenye betri. Kwa kupunguza mwendo kwa kiwango kilekile, D na mguu mwepesi kwenye breki hurudisha chaji zaidi.

Mwepesi ndilo neno lenyewe. Fikiria muuza mafuta ya taa anayejaza chupa ya soda kwa faneli. Akimimina taratibu, yote yanaingia. Akiinamisha dumu kwa pupa, faneli inafurika na mafuta yanaloa mchanga. Chupa ni betri, faneli ni mota inayozalisha umeme gari linapopunguza mwendo. Ukianza kukanyaga breki mapema na polepole, karibu kazi yote inafanywa na mota. Ukisubiri mpaka bampa ya mwenzako ikukaribie, faneli inafurika na kinachozidi kinageuka joto kwenye pedi za breki. Kuweka N ili gari “liserereke bure”, ile tabia ya kale ya kubana mafuta, ni kuondoa faneli kabisa: kwenye N betri haichajiwi.

B ina siku yake. Ukishuka mteremko mrefu kama wa Kitonga, Iringa, chupa hujaa kabla mlima haujaisha. Hapo weka B bila kusita, la sivyo mzigo mkubwa unaangukia pedi, nazo zinachemka.

Kinachogombewa ni kiasi gani? Gari la kilo 1,100 likiwa kilomita 60 kwa saa limebeba kilojuli 150 hivi za mwendo. Kulifikisha hapo, injini hutumia takribani mililita 15 za petroli, kijiko kimoja cha chakula. Gari la kawaida hukimwaga kijiko hicho kila linaposimama. Mara 30 kwa siku ni karibu nusu lita. Haibridi hurudisha sehemu tu, maana mota na betri navyo vina upotevu.

Ndiyo maana gari hili hutumia mafuta kidogo zaidi mjini kuliko safarini. Vipimo rasmi vya Marekani kwa Aqua ya 2012, iliyouzwa kule kwa jina la Prius c, ni kama kilomita 22.5 kwa lita mjini na 19.5 barabara kuu. Kwenye barabara kuu hakuna breki za kuvuna, na ukipanda kutoka 80 hadi 100 ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Foleni iliyoganda kabisa ni habari nyingine: kiyoyozi kinakula betri, injini inawaka kuijaza, na kilomita haziongezeki.

Gharama nazo huhama. Feni ya betri huvuta hewa kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Vumbi likiziba chujio lake, au ukiegemeza begi hapo, betri inapata joto na inachoka kabla ya wakati. Lisafishe kila unapomwaga oili kama njia zako ni za vumbi. Pedi hudumu sana, ila fundi azikague hata kama hazijaisha: kwa dereva mwenye mguu mwepesi hazifanyi kazi ya kutosha, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani diski huota kutu na pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi, hukwama.