Kiwanja cha kuegesha magari Malindi: hesabu kwanza

Kabla hujakubali kwamba katikati ya mji wa Malindi hakuna pa kuegesha, hesabu. Chukua daftari, zunguka mitaa ileile kila saa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, uandike tarakimu tatu za namba ya kila gari. Fanya hivyo siku ya kawaida, kisha Ijumaa, maana wakati wa swala hali hugeuka kabisa. Siri imo katika tarakimu hizo. Gari linaloonekana mahali pamoja tangu saa 2 hadi saa 11 jioni mara nyingi ni la mwenye duka au mfanyakazi wake, na limekalia nafasi ambayo ingehudumia wateja tisa wa saa moja moja. Hilo lihamie nyuma. Kuongeza kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika chini, hakutalitoa mlangoni.

Sasa kiwanja chenyewe. Tuseme kina mita 50 upande wa barabara na 40 kwenda ndani. Gari moja linataka mita 2.5 kwa 5, na njia ya kugeuzia mita 6. Kwa hiyo mistari miwili pamoja na njia yake inakula mita 16, na ukirudia hivyo, 32. Zinabaki mita 8, ilhali mstari wa tano na njia yake unataka 11. Wengi huziacha mita hizo vumbi tupu, au magari huzijaza na kutoka kinyumenyume barabarani, katikati ya tuktuk na bodaboda. Mimi nashauri mita hizo 8 ziwe upande wa barabara, zijengwe maduka: katika zile 50 toa mita 6 za lango, zinabaki 44, nazo ni maduka 11 ya mita 4, na hujapoteza mstari hata mmoja. Nyuma yake, ukishatoa njia za kuzungukia, hupati chini ya nafasi 60. Mpita njia naye anapata kivuli cha baraza badala ya ua wa mabati. Kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi ya ardhi kitangulie lakini.

Kinachoharibu viwanja vingi ni maji. Mvua ya milimita 20 juu ya mita za mraba 2,000 ni lita 40,000, na masika huleta zaidi. Ukiinamisha sakafu kuelekea barabarani, umemmwagia jirani. Inamisha sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mtaro wako mwenyewe, uishie kwenye shimo la mawe la kunyonya. Tumia kabro za milimita 80 langoni, panapopita malori ya mizigo, na 60 kwingineko. Kifusi cha chini kishindiliwe tabaka kwa tabaka; kikirundikwa chote mara moja, kabro zitabonyea palepale magurudumu yanapokata kona.