Redio inakoroma mtaa mzima: mchawi ni nani?

Katika kijiji cha Aberhosan, Wales, intaneti ilikuwa ikianguka kila siku saa moja asubuhi. Hali hiyo ilidumu miezi 18. Mafundi wa Openreach, kampuni inayotunza nyaya za simu nchini Uingereza, walifika mpaka kubadilisha nyaya, tatizo likabaki palepale. Mwishowe walikwenda alfajiri, mvua inanyesha, wakazunguka kijiji wakiwa na kifaa cha kupima masafa. Ilipotimu saa moja, kifaa kikanasa mpigo mkubwa wa kelele za umeme. Ulitoka kwenye nyumba moja, ambako mwenyewe alikuwa na desturi ya kuwasha televisheni yake kuukuu ya mtumba kila akiamka. Habari hiyo ilitangazwa Septemba 2020. Mwenye televisheni aliona haya sana, akakubali kutoiwasha tena.

Televisheni ile haikuwa ikirusha matangazo yoyote. Ilikuwa inavujisha kelele tu, kwenye masafa ya chini. Intaneti ya waya wa simu ya aina ya ADSL hutumia takriban kilohezi 25 hadi 1,100, na humo ndimo yalimo pia mawimbi marefu na sehemu kubwa ya mawimbi ya kati ya redio.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wanaotuletea malalamiko ya "ishara isiyojulikana" redioni huja na mshitakiwa wao tayari: mnara wa simu. Ishara za mnara ziko kwenye mamia ya megahezi na kupanda, mbali kabisa na mawimbi ya kati. Mchawi huwa kitu kidogo zaidi, na aghalabu kimechomekwa ukutani.

Kwanza, zima redio. Kama mvumo bado unausikia, hilo si suala la masafa ya redio, kwa maana sikio la binadamu halipokei mawimbi hayo. Huenda ni transfoma ya mtaa: umeme wetu ni wa hezi 50, na chuma chake hutetemeka mara 100 kwa sekunde. Pili, ukisikia alama za Morse, herufi mbili au tatu zinazorudiwa bila kuchoka mahali fulani kati ya kilohezi 190 na 535, hicho ni kinara cha kuongozea ndege. Kiache kifanye kazi yake.

Kelele zilizobaki zina tabia zake, nazo ndizo zinazozitaja. Tik, tik, tik, mara moja kila sekunde au zaidi kidogo: tafuta uzio wa umeme juu ya ukuta wa mtu, hasa pale majani yanapogusa waya au kikombe, yaani kishikizo cha waya kisichopitisha umeme, kimepasuka. Mkoromo unaojirudia kwa hatua zilizo sawa unapozungusha kitafutio, tuseme kila kilohezi 60, ni wa chaja, balbu ya LED au kifaa cha umeme kisicho na kichujio. Unaoanza na jua na kuzama nalo ni wa mfumo wa sola. Mkwaruzo mkali unaobadilika na hali ya hewa ni wa nguzo: vyuma vilivyolegea mara nyingi hunyamaza mvua ikinyesha, lakini huku pwani vikombe vilivyogandwa na chumvi ya bahari huanza kulia umande ukishuka.

Kuujua upande kelele inakotoka hakuhitaji mtambo wa mamilioni. Chukua kiredio cha betri chenye mawimbi ya kati. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feraiti, ambacho ndicho antena yake, kwa kawaida kimelala sambamba na ubavu mrefu wa redio. Kosa la karibu kila mtu ni kufuata mahali sauti inapokuwa kubwa. Sauti kubwa haikuambii lolote. Unaweza kuigeuza redio nyuzi 30 usione tofauti. Igeuze taratibu ikiwa imelala, mpaka kelele ififie ghafla. Hapo kijiti kimenyooka kuelekea chanzo, mbele yako au nyuma. Chora mstari huo kwenye ramani, sogea mita mia mbili pembeni, chora mwingine. Tazama mistari inapokutana.

Ukikaribia nyaya, ujanja huu huanza kukudanganya, kwa kuwa kelele husafiri ndani ya nyaya na laini nzima inageuka antena. Kwa hiyo hamia kwenye masafa ya juu ya kitafutio, hata mawimbi mafupi ukiyapata: yale hufifia upesi, kwa hiyo yakisikika uko karibu kweli.

Kabla ya kumgongea jirani, zima swichi kuu ya nyumbani kwako, na inveta pia kama unayo. Kelele ikikata, chomoa kifaa kimoja kimoja. Wengi huishia hapo, wakiwa na chaja ya bei poa mkononi.

Ikiwa ni nguzo, usiiguse wala usiipige nyundo ili "kujaribu". Andika namba yake uwapigie TANESCO, au Kenya Power kwa walio Kenya. Usipokipata chanzo, malalamiko ya mwingiliano wa masafa hupelekwa TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Wapelekee tarehe, saa ya kuanza na kukoma, na namba ya kilohezi. "Inasumbua sana usiku" haimsaidii mpimaji.

Na umeme ukikatika mtaa mzima, usikimbilie kulala. Washa kiredio chako utoke nje. Kelele ikiwa imekufa, chanzo kinategemea gridi. Ikiwa bado inakoroma, hesabu nyumba zenye taa.