Kichanga mwenye manjano na dawa za maumivu

Mimi ni mfamasia hapa Mtwara na swali linalonitisha kuliko yote dirishani ni hili, mama kamfunga mtoto kwenye kanga, ana siku nne tu, ukimbonyeza puani kwa kidole ukaachia unaona njano kabisa, halafu anakwambia mtoto analia usiku kucha, bibi yake kasema tumpe robo ya aspirini. Jamani msimpe.

Ile njano ni bilirubini, inatoka kwenye chembe nyekundu za damu zinazovunjika na ini la kichanga bado changa kuitoa. Ikiwa kwenye damu inabebwa na protini inaitwa albumini, na ikishashikwa hapo haipenyi kirahisi kwenda kwenye ubongo. Sasa aspirini nayo inashika hapohapo, inaibandua, na bilirubini iliyobanduka ndo inaingia kwenye ubongo na kuuharibu moja kwa moja, mtoto anabaki na ulemavu au kiziwi au anafariki. Tena kipimo cha kawaida kinasoma jumla yake kwenye damu, kwa hiyo namba inaweza hata kushuka wakati ubongo ndo unaumia!

Hili halijaanza leo. Mwaka 1956 huko New York daktari William Silverman na wenzake waligundua njiti waliopewa penisilini pamoja na dawa ya salfa walikufa wengi zaidi, na ubongo wao ukakutwa na manjano. Salfa ilikuwa inabandua vilevile. Ndo maana septrini, ambayo ndani ina salfa, hatumpi kichanga wa namna hii, na sindano ya seftriaksoni pia hapana.

Brufeni inajishika kwenye albumini karibu asilimia 99, na maabarani imeonekana ikibandua bilirubini dozi ikiwa kubwa. Hospitali wanawapa njiti wenye mshipa wa moyo ambao haujafunga, ila pale kuna vipimo, wewe nyumbani huna. Parasetamo inashika albumini kidogo sana kwa hiyo kwenye hili haina shida kubwa, lakini inapita kwenye ini hilohilo, dozi aipige daktari kwa uzito.

Mama aliyejifungua kwa operesheni akinywa brufeni au parasetamo yake aendelee kunyonyesha tu, kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno.

Na kilio chembamba cha kukereza, mtoto hanyonyi, anajikunja mgongo kwa nyuma, au njano imetokea siku ya kwanza, huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, mwanga wa jua wa asubuhi haumtoshi.