Kapteni anayekubali kusahihishwa

Kazi yangu ni kuwafundisha marubani kufanya kazi pamoja wakiwa angani. Kurusha ndege wanakuja wakijua. Wengi hudhani somo la unyenyekevu ni mawaidha ya tabia njema, kuwa mpole na kutopaza sauti. Ndiyo maana naanza na Tenerife.

Tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili, ya shirika la KLM la Uholanzi na ya Pan Am la Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia ya uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Visiwa vya Canary. Walikufa watu 583. Ukungu ulitanda, mawasiliano ya redio yaliingiliana, na uwanja ulifurika ndege zilizoelekezwa huko baada ya bomu kulipuka uwanja wa Gran Canaria. Sababu zilikuwa nyingi, na si haki kumbebesha mtu mmoja mzigo wote. Ila sikiliza yaliyosemwa ndani ya ndege ya KLM.

Kapteni Veldhuyzen van Zanten alikuwa mkuu wa wakufunzi wa 747 katika shirika lake. Rubani msaidizi aliyeketi kando yake alikuwa amefanyiwa mtihani wa 747 na kapteni huyo huyo. Kapteni alipoongeza nguvu ya injini mara ya kwanza, msaidizi alimkumbusha kwamba mnara wa kuongozea ndege haujatoa ruhusa. Kapteni akatulia, akamwambia aiombe. Punde, msaidizi akiwa bado anaongea na mnara, kapteni akaanza tena kuondoka. Safari hii hakuzuiwa. Kumsahihisha mkubwa mara moja mtu hujikaza akaweza. Mara ya pili, dakika hiyo hiyo, anaona kama anamvunjia heshima. Mhandisi wa ndege aliyekuwa nyuma yao ndiye aliyeuliza kama yule wa Pan Am bado hajatoka njiani. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba ametoka, na mhandisi akanyamaza. Zilibaki sekunde chache tu.

Hakuna aliyetukanwa pale. Kapteni alijibu kwa uhakika wa mtu aliyezoea kuwa sahihi, na cheo chake kikafunga mjadala.

Kwetu tuna Douala, Kamerun. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kuelekea Nairobi, na wote 114 wakafariki. Kapteni alidhani mtambo wa kujiendesha umeshika, kumbe haukushika. Ndege ikazidi kulalia upande mmoja. Wachunguzi waliandika pia juu ya kapteni mwenye kutawala wenzake na msaidizi mkimya.

Sisi tumelelewa na shikamoo, tukaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Malezi hayo nayaheshimu, na sitaki kijana ayaache mlangoni mwa ndege. Ninachomfundisha ni namna ya kusema akiwa na adabu zake zote: mwite kapteni, taja unachokiona, sema unachohofia, pendekeza cha kufanya. “Kapteni, mafuta yanapungua, nahofia hatutafika, naomba tutue sasa.” Akikaa kimya mara mbili na hatari ipo, shika usukani.

Lakini mzigo mkubwa naupeleka kwa kapteni, kwa sababu kijana atasema au atanyamaza kutokana na alivyopokelewa mara ya mwisho. Kabla ya safari namtaka atamke kwa kinywa chake: “Nikikosea, niambie.” Wengi hulitamka bila shida. Mtihani wenyewe uko pale kijana anapotoa onyo na onyo likawa si sahihi. Kapteni akicheka, au akaguna tu, siku ya onyo la kweli kijana atajiuliza mara tatu kwanza, na angani muda wa kujiuliza mara tatu haupo. Kwa hiyo kwenye chumba cha mazoezi namtazama uso kapteni wakati huo. Akisema “ahsante, umeona vizuri kuuliza,” kisha akaeleza kwa nini mambo yako sawa, tunaendelea. Asiposema, tunarudia zoezi.